Jumamosi Iliyomeza Miaka Kumi na Mmoja

Jumatatu ya tarehe 14 Juni 2021 niliingia ofisini saa mbili kasoro robo nikamkuta Mzee ameshafika. Hilo peke yake lilitosha kunilegeza magoti. Mzee ndiye mwenye kampuni, na mwenye kampuni yetu hafiki kabla ya saa nne labda kuwe na msiba au watu wa kodi. Alikuwa ameketi nyuma ya meza, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, simu ameishika kwa mikono miwili kama anayeshika bakuli la uji wa moto.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa."

Sikuipenda hiyo "kaa". Siku zote huniambia "lete".

"Nimeisoma barua yako," akasema.

"Barua ipi, Mzee?"

"Ya kuacha kazi." Akaanza kuteremsha kidole kwenye kioo, taratibu. "Umeandika ofisi hii inaendeshwa kama daladala lililokatika breki. Umeandika choo cha huku juu ni aibu kwa taifa. Na hapa umeandika mimi ni 'mbaili'. Nadhani ulikusudia 'mbahili'. Nimekuelewa hata hivyo."

Barua ile naijua. Niliiandika mwenyewe, Ijumaa tarehe 17 Machi 2017, alasiri, nikiwa na hasira za malipo ya muda wa ziada yaliyopigwa danadana miezi mitatu. Niliituma bila kuirudia, ndiyo maana ile herufi ikapotea. Dakika ishirini baadaye mhasibu akaniita, nikasaini, nikapokea changu, nikaenda kula mishikaki, hasira zikaisha. Barua yenyewe haikunisumbua, kwa sababu miaka ile Mzee hakuwa akisoma barua pepe. Alisomewa na dada wa mapokezi, na dada wa mapokezi alijaliwa hekima ya kujua zipi zisomwe na zipi ziachwe zizame. Yangu ikazama. Ikalala chini ya maelfu ya barua za makontena kama pete iliyodondoka kisimani.

Sasa pete imeelea, na simu ya Mzee inasema imetumwa juzi, Jumamosi tarehe 12 Juni 2021, saa tano usiku. Na juzi Jumamosi saa tano usiku nilikuwa humo ofisini peke yangu, mbele ya kompyuta. Mzee alilijua hilo vizuri, maana ndiye aliyenituma.

Kampuni yetu inatoa mizigo bandarini Dar es Salaam. Si kubwa: watu tisa, malori mawili, birika moja. Mimi ni karani wa nyaraka. Ufundi wa kompyuta nilitunukiwa mwaka 2012, siku printa ilipogoma nikaichomoa kwenye umeme, nikaichomeka tena, ikachapa. Tangu siku hiyo kila kitu chenye waya ni changu, pamoja na hilo birika.

Chini ya ngazi tulikuwa na seva ya barua pepe. Neno lisikutishe, ilikuwa kompyuta ya mtumba iliyofungwa mwaka 2010 na kijana mmoja ambaye baadaye alihamia Mwanza na namba yake haipatikani. Feni yake ilikoroma kama mlinzi wa usiku. Mende walishahamia na familia. Umeme ukikatika ilizimika, ukirudi iliwaka ikijisikia. Hatimaye tukakubaliana barua zote, elfu arobaini na moja na ushee, zihamie kwenye seva ya kupanga, iliyoko kwenye jengo lenye jenereta na viyoyozi vizuri kuliko vyetu sisi wenye roho.

Nikaambiwa nihamishe Jumamosi, watu wakiwa hawapo. Nikafungua programu ya barua, sanduku la zamani upande huu, sanduku jipya upande ule, nikachagua zote, nikaburuta nikaachia. Kama mtu anayehama Buguruni kwenda Mbezi kwa kirikuu: kitanda, masufuria, ndoo, kuku, twende. Saa tano na nusu usiku ya mwisho ikavuka. Nikahesabu huku, nikahesabu kule, idadi sawa. Nikafunga ofisi nikarudi nyumbani nikijiona injinia.

Tarehe ndizo zilizobaki Buguruni.

Asiyependa mambo ya kompyuta na avumilie kidogo, kwani hapa ndipo kitumbua kilipoingia mchanga. Barua pepe ina tarehe mbili. Ya kwanza huandikwa na mwandishi, au tuseme na kompyuta yake, kwenye kichwa cha barua ambacho programu hutuficha ili tusiogope. Hiyo ni kama tarehe unayoiandika kwa wino juu kulia, chini ya anwani yako, ulivyofundishwa shule ya msingi: barua ikizunguka nchi nzima, inazunguka nayo. Ya pili ni ya muhuri. Seva inayopokea barua hutazama saa yake na kugonga muhuri wa siku na wakati ilipoipokea, na haugongi juu ya barua bali kwenye kumbukumbu zake yenyewe. Barua ikija kwa njia yake ya kawaida, tarehe hizo mbili hupishana kwa sekunde chache na hakuna anayejali.

Sisi tunaohesabu saa tangu jua linapochomoza hatupaswi kushangaa. Saa ya ukutani inasema 10, sisi tunasema saa nne, na mkutano unafanyika. Ila sisi tunajua kwamba tunatafsiri. Seva haijui. Anayehamisha barua anatakiwa aiambie seva mpya, kwa kila barua: hii ilipokelewa siku fulani, andika hivyo. Asipoiambia, nayo inafanya kama karani yeyote wa posta anayeshushiwa gunia: inagonga muhuri wa leo. Programu yangu haikuiambia. Miaka kumi na mmoja ya kazi ikagongwa muhuri wa Jumamosi moja.

Zipo programu zilizotengenezwa kwa ajili ya uhamisho huu huu, imapsync ni mojawapo, zinazobeba tarehe ya muhuri pamoja na barua bila hata kuombwa. Hilo nililijua Jumatatu.

Na kama hiyo haitoshi, programu za kusomea barua hazikubaliani zionyeshe tarehe ipi. Nyingine husoma ya kwenye kichwa, nyingine ya muhuri. Simu ya Mzee ilikuwa mfuasi wa muhuri.

Simu hiyo alinunuliwa na binti yake mwaka 2019, na tangu hapo ameishika barua pepe kwa bidii ya muumini mpya. Halali na barua isiyojibiwa. Jumapili, baada ya ibada, alifungua sanduku akakuta maelfu ya barua zote za jana yake. Mtu mwingine angeshtuka. Mzee aliona biashara imechangamka. Akavua koti, akaagiza chai ya tangawizi, akajibu hadi magharibi.

Nilipoyaona majibu yake nilitafuta kiti. Alikuwa amemwidhinishia likizo karani aliyeacha kazi mwaka 2013, na kumtakia mapumziko mema na familia. Mtu aliyemwomba kazi mwaka 2011 aliambiwa aje kwenye usaili Jumatano. (Alikuja. Sasa hivi ana maduka matatu ya vipuri; alisema amekuja kutusalimia tu.) Mteja mmoja alihakikishiwa kwamba mzigo wake utachukuliwa Jumatatu alfajiri, na kweli, alfajiri ile dereva wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa getini bandarini na lori, akiulizia kontena la futi 40 la vigae lililotoka mwaka 2014. Mlinzi wa getini aliisoma ile karatasi, akamwita mwenzake aisome, naye akamwita mwingine. Vigae vyenyewe viko kwenye ukumbi mmoja Sinza. Nimevikanyaga kwenye sherehe. Vingine vimeshapasuka.

Lakini kubwa kuliko lilikuwa la mchango. Mwaka 2014 kamati ya harusi ya kijana wa mteja wetu ilimwandikia Mzee kumkumbusha ahadi yake ya shilingi laki mbili, kikao cha mwisho ni Ijumaa, tafadhali usituangushe. Mwaka ule Mzee aliwaangusha. Jumapili hii, kwa sababu nisizozijua, labda yalikuwa mahubiri, alilipa. Alituma kwa simu, laki mbili pamoja na ya kutolea, kwenda namba ile ile ya mhazini wa kamati. Ndoa hiyo ina mtoto yuko darasa la kwanza. Mhazini hakuuliza kitu. Alirudisha ujumbe mfupi: "Ahadi ni deni. Kamati inashukuru."

Hayo yote nilikuwa siyajui bado asubuhi ile. Nilichojua ni kwamba nimekalia kiti cha moto.

"Mzee, hiyo barua ni ya zamani. Ni ya 2017. Hasira zilishaisha."

Akanigeuzia simu. Jumamosi, saa tano usiku.

Nikamwomba mhasibu aje na laptopu yake. Mhasibu wetu ni mama mtu mzima asiyesema uongo hata kwenye mahesabu, na barua ile nilimpa nakala, kwa kuwa hasira zenyewe zilianzia mezani kwake. Akaitafuta, akaifungua. Laptopu yake ilikuwa mfuasi wa kichwa: Ijumaa, 17 Machi 2017, 15:52.

Mzee akaitazama laptopu. Akaitazama simu.

"Simu hii ni ya milioni moja na laki mbili," akasema. "Laptopu hii tuliinunua Kariakoo, mtumba, na herufi ya K haibonyezeki. Nimwamini nani?"

"Mzee, siku ile nilimlipa, vocha ninayo," mhasibu akasema.

"Vocha huandikwa."

Hapo mhasibu akafunga laptopu yake, akatoka, na hakumsalimia Mzee hadi Jumatano.

Hukumu ikatolewa palepale. Sheria ya ajira inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Notisi nimeitoa Jumamosi, kwa hiyo zimebaki 26. Ndani ya siku hizo nimwonyeshe, kwenye simu yake na si kwenye kifaa kingine chochote, kwamba barua ni ya 2017. Nikishindwa, ombi langu limekubaliwa, na ananitakia kila la heri niendako.

Jambo moja lilinipa matumaini: hakuna kilichopotea. Tarehe ya kweli ilikuwa bado imekaa kwenye kichwa cha kila barua, kimya, ikisubiri kuulizwa. Na kwenye seva tuliyopanga kila barua ni faili moja linalojitegemea, na tarehe ya muhuri wake si kingine ila tarehe ya faili lenyewe, ile inayosema lilibadilishwa lini. Kwa hiyo kazi ni rahisi kuitamka: fungua faili, soma mstari unaoanza na Date, lipe faili tarehe hiyo, nenda kwenye linalofuata. Nikapiga hesabu. Barua moja kwa dakika moja ni saa 683, yaani siku 28 na nusu bila kulala, bila kula, bila kwenda kwenye kile choo. Nina 26. Nikaandika skripti, yaani amri za kuifanya kompyuta itende kazi hiyo yenyewe.

Nilisema nimeandika. Nilikusanya vipande vya skripti za watu wenye akili nikavishona kama kanga kuukuu. Jumatano usiku nikaiendesha, ikamaliza kabla chai haijapoa. Alhamisi nikamfuata Mzee kifua mbele. Akatazama simu. Jumamosi.

Kumbe seva nayo ina uvivu wake. Ukiiuliza barua imepokelewa lini haiendi kulitazama faili. Inafungua faharisi yake, ambamo ilishaandika jibu mara ya kwanza ilipoulizwa, na inarudia jibu lile lile. Ni kama kumuuliza jirani bei ya sukari: anakutajia ya siku aliyonunua. Lazima ufute faharisi ili ilazimike kwenda kuangalia upya. Nikaifuta. Bado Jumamosi. Simu nayo ina kumbukumbu yake, nayo haiulizi tena ilichokwisha kukijua. Dawa ni kuondoa akaunti kwenye simu na kuiweka upya.

"Unataka kufuta barua zangu," Mzee akasema.

Nikamweleza kwamba barua ziko kwenye seva, simu ni dirisha tu, na kutoa pazia hakubomoi nyumba. Akafikiri. Akasema mtu aliyekwisha kuacha kazi hawezi kukabidhiwa simu ya mwajiri. Ilibidi dada wa mapokezi afanye mwenyewe, mimi nikimwelekeza kutoka mlangoni. Tukafika kwenye neno la siri. Mzee hakulikumbuka. Tulilipata saa mbili baadaye nyuma ya kalenda ya 2018, limeandikwa kwa kalamu nyekundu, na juu yake imeandikwa SIRI.

Ijumaa asubuhi simu ikamaliza kushusha barua. Mzee akaniita. Alikuwa na uso wa mtu anayejizuia.

"Sasa umeacha kazi mwaka 1970."

Nikainama nitazame. Alhamisi, tarehe 1 Januari 1970, saa tisa usiku. Barua yangu, na pamoja nayo nyingine elfu kumi na saba hivi.

"Mwaka 1970 mimi niko darasa la pili," Mzee akasema. "Mwalimu yuko Ikulu. Wewe, baba yako mwenyewe bado anachunga mbuzi. Na saa tisa usiku ulikuwa unafanya nini ofisini kwangu?"

Kompyuta za ukoo wa seva ile huhesabu muda kwa sekunde, kuanzia usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za dunia. Ukizipa sifuri, zinarudi penye sifuri. Na kwa kuwa sisi tuko mbele kwa saa tatu, manane yao ni saa tisa yetu. Skripti yangu, kila iliposhindwa kusoma tarehe, haikulalamika wala kusimama. Iliandika sifuri ikasonga mbele, kama mwanafunzi anayejaza majibu mtihani ukikaribia kwisha. Mmarekani Ray Tomlinson, anayetajwa kuwa ndiye aliyetuma barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao, alifanya hivyo mwaka 1971. Kampuni yetu ikawa imemtangulia mwaka mzima, tena kwa barua elfu kumi na saba, nyingi zikihusu vigae.

Lakini kwa nini hizo na si nyingine? Nilizikagua. Zote zilikuwa za Machi, Mei, Agosti, Oktoba na Desemba. Za Januari salama. Za Aprili salama. Niliwaza mvua. Niliwaza mwezi mwandamo. Jumamosi usiku, na siombi radhi kwa hili, niliwaza watu wa ofisi ya jirani wasiotupenda.

Jumatatu nikiwa kwenye mwendokasi nimebanwa mlangoni nikakumbuka. Miaka miwili kabla, kwa uzalendo, niliiweka kompyuta yangu kwenye Kiswahili. Na Kiswahili hufupisha miezi hivi: Jan, Feb, Mac, Apr, Mei, Jun, Jul, Ago, Sep, Okt, Nov, Des. Barua pepe nazo, kwa kanuni iliyoandikwa tangu 1982, hufupisha miezi kwa Kiingereza tu, hata Mchina akimwandikia Mchina mwenzake: Mar, May, Aug, Oct, Dec. Miezi saba inafanana. Mitano haifanani. Skripti yangu, Mswahili wa kweli, ilisimama kituoni ikimsubiri Mac, akashuka Mar, haikumjua. Na mimi, kati ya miezi kumi na miwili ya mwaka, niliacha kazi Machi.

Nikaiamuru isome Kiingereza, mambo yakanyooka siku hiyo hiyo. Uzalendo ulikuwa umenilia siku tatu za notisi.

Ilibaki kero moja ndogo, na kusema kweli ndiyo iliyonifurahisha. Mamia ya barua za dada wa mapokezi, za miaka minne hivi, zilisema zimeandikwa tarehe 1 Januari 2002, wakati kampuni yenyewe haijazaliwa. Hapo skripti haikuwa na kosa. Kompyuta yake kuukuu ilikufa betri, ile ndogo ya duara mfano wa sarafu inayokaa kwenye ubao wa ndani na kutunza saa. Betri ikifa, umeme ukikatika kompyuta inasahau leo ni lini na kuanza upya tarehe iliyotoka nayo kiwandani. Kwetu umeme ulikatika vya kutosha. Kwa hiyo dada wa watu, kwa miaka minne, aliwaandikia wateja kutoka Mwaka Mpya wa 2002. Nilipomweleza alikaa kimya kidogo, kisha akasema ndiyo maana mteja mmoja wa Muscat alikuwa akimaliza kila barua kwa "Heri ya mwaka mpya", hata mwezi wa saba, naye akidhani ni desturi za huko.

Dawa yake ilikuwepo ndani ya barua zenyewe. Kila seva barua inapopita huongeza mstari wake juu ya kichwa, ikisema nimeipokea kutoka kwa fulani, siku fulani, saa fulani. Mistari hiyo hupandiana kama vyungu, ya mwisho ikiwa juu kabisa, na haiandikwi na mtuma barua. Nikaiongezea skripti sharti: mwandishi na seva wakipishana zaidi ya siku mbili, msadiki seva. Wajuzi wataniuliza kwa nini sikulifanya hilo tangu mwanzo. Sikulijua. Sharti hilo likanasa pia matangazo kadhaa ya dawa za nguvu yaliyojiandika mwaka 2037. Wenye matangazo hayo huandika tarehe ya mbele makusudi ili barua yao isiteremke kamwe kutoka juu ya orodha. Skripti ikayarudisha 2011 yalikotoka.

Mzee aliposikia hesabu ya sekunde ilianza 1970, akauliza kama ina mwisho. Nikamwambia kwa kompyuta zilizotunza hesabu hiyo kwa mtindo wa zamani inajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Akaniagiza nimkumbushe wiki moja kabla. Nikaona hiyo ni dalili njema kwa mtu aliye kwenye notisi.

Jumatano tarehe 23, zikiwa zimebaki siku 17, akaunti ikaondolewa kwenye simu mara ya mwisho na kurudishwa. Tukasimama sote ofisini kwa Mzee, mhasibu naye akaja, akasimama karibu na mlango. Mzee akaanza kuteremsha kidole. 2021. 2020. 2019. Kidole gumba kikachoka, akahamia cha shahada. 2018. Dada wa mapokezi akajitolea kumpokea, akakataa. Kisha akasimama.

"Ijumaa," akasoma. "Tarehe 17 Machi 2017. Saa 15 na dakika 52." Akahesabu kwa vidole. "Saa kumi kasoro dakika nane. Alasiri."

"Nilisema," mhasibu akasema kutoka mlangoni.

"Kumbe hukuacha kazi."

"Sikuacha, Mzee."

"Na ubahili?"

"Ilikuwa 2017, Mzee."

"Na choo?"

Nikanyamaza. Wote tukanyamaza. Mzee akainuka, akaenda zake kwenye kile choo cha juu, akakaa huko muda, tukasikia mlango ukigoma kufunguka, tukasikia ukipigwa teke. Aliporudi hakusema neno. Fundi bomba alikuja Ijumaa. Siku hiyo hiyo mhasibu akanunua betri ya ile kompyuta ya mapokezi, shilingi elfu mbili, na vocha akaiandika kwa mwandiko mkubwa.

Kazi ninayo mpaka leo, na barua zote ziko kwenye siku zake. Kilichobaki ni laki mbili. Mzee anasema ni hasara ya uhamisho, na uhamisho niliufanya mimi, kwa hiyo inakatwa kwenye mshahara wangu elfu ishirini kila mwezi. Basi kama wewe ndiye ulikuwa mhazini wa kamati ile ya 2014, na najua bado unatumia namba ile ile, rudisha japo nusu. Ya kutolea nitaweka mimi.